Mzee Zacharie na Kikombe cha Kuonjwa

Mzee Zacharie, muuza maharage ya kutoka Kipese, aliishi Butembo miaka yote ya vita bila kuogopa risasi. Waasi walipokezana mji, kila kundi na bendera yake na kodi yake, naye akafungua duka kama kawaida. Alichoogopa ni kikombe. Kwao, anayekaribisha huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Ni adabu nzuri, ila Zacharie aliifanya dini. Hata uji wa nyumbani kwake hakuugusa mpaka Victoire, mke wa mwanawe Edmond, auonje mbele ya macho yake.

Uzeeni tumbo likamvimba. Akawa anatapika, choo kikakatika, hata upepo haukutoka. Mwingine angekumbuka yale maumivu ya ubavu wa kuume yaliyomsumbua miaka nenda rudi kila alipokula nyama ya mafuta. Zacharie aliuliza swali moja tu: nani amenipikia?

Mganga Muyisa akaitwa, akamnywesha majani ya kutapisha. Mzee akatapika kitu cha kijani.

"Munaona sumu yenyewe!" Muyisa akashangilia.

Ilikuwa nyongo, lakini nani angebishana na rangi ile? Edmond, ambaye hakuwahi kumpinga baba yake hata juu ya mvua, akamwambia mkewe arudi kwao Kasugho, watoto awaache.

Victoire aliumia mpaka machozi yakakataa kutoka. Akafunga mizigo, kisha akasimama mlangoni.

"Bakikuta sumu mu tumbo yake, nitaenda kwa miguu yangu. Lakini tumupeleke kwanza ku hôpital. Nikienda leo, atakufa, na mutasema ndio mimi nilimuua."

Basi mzee akalazwa juu ya chukudu, lile gari la mbao la kusukuma lililombebea maharage maisha yake yote, akateremshwa nalo hospitalini akilaani wapishi wote wa dunia.

Daktari Ananie akampasua. Mgonjwa alipozinduka, akaonyeshwa jiwe kubwa kama yai la njiwa.

"Papa, hii ilikomaa mu mufuko ya nyongo yako. Ikatoboa, ikaingia mu utumbo, ikaufunga. Ugonjwa hii inapataka bazee. Sumu hapana."

Zacharie akalitazama sana. "Nani aliiweka?"

"Ni wewe mwenyewe, papa."

Siku aliporuhusiwa kula, Victoire alileta uji. Mizigo yake ilikuwa bado imefungwa kule nyumbani.

"Onja kwanza," mzee akasema kwa sauti ya njaa.

Victoire akaonja. Akaonja tena. Akaendelea kuonja taratibu, macho hayambanduki mkwe wake, mpaka kikombe kikawa kitupu. Akakiweka mezani.

"Haiko na sumu, papa."

Zacharie akalia, na sidhani ilikuwa njaa peke yake. Victoire akatoka, akarudi na kikombe cha pili. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akanywa bila kuuliza.