Ufa wa Mnara

Benigna Kokugonza alianza kufagia kanisa kuukuu la mjini Bukoba mwaka 1950, na alilijua jengo lile kuliko mapadri waliopita humo, kwa sababu baba yake alikuwa mmoja wa waliolijenga. Mzee Mutembei alitoka kijijini Ijumbi akiwa kijana, enzi za Wajerumani, akajifunza uashi kwa kupigwa makofi. Ndiye aliyepanga matofali ya matao manne ya upande wa ziwa. Ndiye pia aliyemwonya bruda msimamizi kwamba kona moja ya mnara ilikuwa inakaa juu ya kichuguu. Bruda akajibu kwamba nyumba ya Mungu haiogopi mchwa. Mnara ukapanda. Kabla hata kengele haijafungwa, ufa ukatokea, mwembamba kama uzi, kutoka chini hadi dirisha la kwanza.

Mutembei alimsimulia bintiye habari hiyo mara nyingi, kisha akafariki, na watu wakaendelea kutafuta wa kulaumiwa.

Mapadri wazungu walisema ni mzinga wa Waingereza, waliposhambulia mji katika vita vya kwanza. Ni kweli kanisa lilipigwa mzinga. Ulitoboa paa na kumvunja mguu Mtakatifu Yosefu wa plasta, lakini huo ulikuwa upande mwingine kabisa. Waingereza walipoutwaa mji wakasema Wajerumani walibania chokaa. Ulipokuja Uhuru, halmashauri ya parokia haikutaka kumuudhi mtu yeyote, ikaamua kwamba lilikuwa tetemeko la ardhi, na mjumbe mmoja akapewa kazi ya kutafuta tetemeko la mwaka unaofaa.

Benigna alikuwepo kwenye kikao hicho, akimimina chai.

"Waitu, waheshimiwa, mimi najua kilichotokea," alisema.

"Ma Benigna," mwenyekiti akamjibu kwa upole, "chai inapoa."

Mwaka 1971, nchi ilipojiandaa kusherehekea miaka kumi ya Uhuru, katibu wa tawi la chama, Ndugu Rwegasira, aliingia kanisani. Hakuwa amekanyaga humo tangu kipaimara. Aliutazama ufa, akaupima kwa mkono, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeokota dhahabu.

"Padri, hiki ni kidonda cha ukoloni!"

"Ni ufa, Ndugu Katibu," alisema Padri Clavery.

"Ndiyo. Ufa wa ukoloni."

Mpango ukafanyika pale pale. Mgeni rasmi angetoka mkoani kuzindua ubao wa maelezo chini ya mnara. Ufa ungezungushiwa rangi nyekundu ili usimpite mtu macho. Padri alikubali haraka, kwa kuwa alitumaini mgeni angekuja na saruji. Kilichokosekana ni shahidi, na hapo ndipo mtu alipomkumbuka mfagiaji.

"Mama, utasema maneno machache tu," Rwegasira alimwambia. "Sema hivi: 'Baba yangu aliuona mzinga ukipiga mnara.'"

"Baba yangu aliona kichuguu."

"Kichuguu hakina siasa, mama."

"Lakini ndicho kilichokuwepo."

Rwegasira alicheka, akamwachia karatasi yenye maneno hayo, yamepigwa chapa, yana mhuri.

Benigna alirudi nyumbani Hamugembe akiwa amefura. Uwongo ulimsumbua, maana angeusemea kwenye ukuta wa kanisa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba miaka yote ile Mutembei alikuwa fundi asiyejulikana, na sasa angejulikana kwa jambo ambalo hakuliona. Akamwendea jirani yake Lukmani, fundi muashi, Mwislamu ambaye babu yake alitokea Tanga. Asubuhi walienda pamoja mnarani. Lukmani alichokoa ufa kwa ncha ya mwiko, akasugua udongo kati ya vidole.

"Huu mbichi," alisema. "Mchwa wenyewe bado wamo."

Benigna akampelekea Padri habari hiyo. Padri akamsihi atumie busara, maana yake anyamaze.

Siku ya sherehe mvua ilinyesha hadi saa nane, kisha jua likawaka. Kwaya iliimba, vijana wakapita kwa gwaride, na mgeni rasmi akahutubia juu ya mizinga ya mabeberu kwa muda ambao mabeberu wenyewe wasingeweza kuuvumilia. Hatimaye Benigna aliitwa mbele. Alisimama karibu na duara jekundu, karatasi mkononi.

"Baba yangu..." alianza.

Hapo hapo kumbikumbi wakaanza kutoka kwenye ufa. Kwanza watatu, wanne, kisha wengi kama moshi. Kwaya ndiyo iliyotangulia kuvunja safu. Akina mama wakafungua vitambaa vya kichwa, wazee wakavua kofia, vijana wa gwaride wakatumia mashati.

"Ndugu wananchi, tuheshimu ratiba!" Rwegasira alipiga kelele, huku kofia yake mwenyewe ikikaribia kujaa.

Benigna aliikunja karatasi. "Baba yangu Mutembei alisema mnara huu umekaa juu ya kichuguu," alisema kwa sauti. "Alisema siku ya msingi. Hawakumsikiliza."

Watu waliokuwa wakimsikiliza walikuwa wawili tu, Lukmani na mgeni rasmi, ambaye kumbikumbi mmoja alikuwa ametua kwenye miwani yake.

"Sasa kwa nini hamjachimba?" mgeni akauliza.

Padri akamtazama Katibu. Katibu akautazama ufa.

Walichimba wiki iliyofuata. Lukmani aliongoza, vijana wakabeba udongo, na Benigna akasimama ukingoni akiwaonyesha mahali baba yake alipomwonyesha. Malkia wa mchwa walimkuta mnene kama kidole gumba. Wakajaza shimo kwa mawe ya ziwani na chokaa. Ripoti ya tawi ilisema wananchi wamewang'oa wadudu walioachwa na wakoloni. Ubao ulipigiliwa hivyo hivyo na maelezo yake ya mzinga, kwa kuwa rangi ilikuwa imekwisha kukauka.

Benigna aliomba jina la baba yake liandikwe mahali. Padri akasema jambo hilo linahitaji kikao. Basi jioni, kabla msingi haujafunikwa, Lukmani alimpa mwiko. Benigna akashuka hadi kwenye msingi, akaandika kwenye chokaa mbichi: MUTEMBEI, FUNDI, IJUMBI. Akakaa kidogo kando yake, akilia na kucheka, mpaka Lukmani alipomwambia mvua inakuja.

Mnara haukupasuka tena. Benigna aliacha kazi mwaka 1978, magoti yakiwa yamechoka, akarudi Ijumbi. Kaka zake walimkatia kipande cha kibanja, shamba la baba yao, chenye migomba iliyozeeka. Alibishana nao miezi miwili mizima, bila kupumzika hata Jumapili, wakampa upande wenye kahawa.