Daktari wa Mikoromo
Malaea aliporudi kijijini akasema amesomea usingizi miaka mitano huko Sydney, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. "Usingizi nao unasomewa? Basi mume wangu profesa!"

Hakununa. Kila Jumapili, tukishashiba majimbi ya tui, kijiji kizima hujilaza, naye hupita na daftari lake. Nyumba zetu za kisiwani ni nguzo na paa tu, hazina kuta, kwa hiyo haoni haja ya kubisha. Anakaa mkekani, anasikiliza watu wakipumua. Miaka kumi na saba hiyo ndiyo kazi yake. Wakamwita Daktari wa Mikoromo, akaitika.

Mume wangu Uelese alikuwa dereva wa basi la wanafunzi. Mkoromo wake ulifukuza kuku. Ukikatika, nashukuru Mungu: aa, sasa kapumzika! Jumapili moja nikasema hivyo Malaea akiwepo.

"Shangazi Sose, hebu nyamaza. Hesabu na mimi."

Tukahesabu hadi thelathini na nane. Kifua kimetulia tuli! Mara akashtuka, akavuta pumzi kwa pupa, akaanza upya kukoroma.

"Hicho kimya ndicho kitamuua," Malaea akasema. "Na ndicho kinachomfanya asinzie mchana. Lile basi la wanafunzi asiliguse mpaka awe analala na mashine ya kumsukumia hewa."

Nililia, jamani. Miaka ishirini nashukuru kimya kile kile!

Uelese akakataa katakata. "Nyumba haina kuta! Mtu mzima na cheo changu cha mkuu wa ukoo, nionekane nimefungwa bomba usoni?"

Jumapili iliyofuata Malaea alikuja na mashine mbili. Akajilaza mkekani kwetu, mchana kweupe, akajivika moja. Kumbe naye mgonjwa!

"Mjomba, miaka yote nalala na mashine hii nimejificha nyuma ya kuta za zahanati," akasema. "Nimechoka kuona haya."

Watoto wakajaa, wanacheka. Bibi Fetuao, jirani yetu, akapaza sauti: "Wee Malaea, unaongea na mbinguni kwa hilo bomba?"

"Naam bibi, wanakuulizia!"

Uelese akaangua kicheko. Kisha akanyoosha mkono. "Haya, lete hiyo nyingine."

Akalala. Kimya. Nikaweka kiganja kifuani pake. Kikapanda, kikashuka.

Wiki ya sita Malaea alimruhusu kurudi kwenye basi lake. Mimi bado nahesabu kila Jumapili, ila siku hizi sifiki hata tano.