Bega la Kumbebea Baba

Daktari alisema nisibebe kitu chochote begani. Alisema kirahisi tu, huku ananawa mikono, kama mtu anayekushauri upunguze chumvi. Hakujua kwamba kwetu Makorora mwanamume anaweza kumaliza umri wake bila kubeba gunia wala ndoo, lakini jeneza atalibeba tu, na kwamba kwa baba yangu mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Dada zangu hawaendi makaburini. Siku baba akiondoka, bega la mbele ni langu, na bega lenyewe ndilo hilo alilokuwa akilizungumzia.

Mimi ni fundi rangi. Nimepaka dari za watu tangu mjini mpaka njia ya Horohoro, mikono juu, shingo nyuma, rangi ikinidondokea usoni. Ukifanya kazi hiyo miaka mingi, mabega yanaanza kupanda yenyewe kuelekea masikioni hata ukiwa umekaa unakunywa chai. Mke wangu alikuwa akinikuta barazani ananiuliza nimegombana na nani. Sikuwa nimegombana na mtu. Mwili ulikuwa umezoea kununa, nami nikaona ndivyo nilivyo.

Kisha vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Brashi inaanguka na sijui imeangukaje. Nikiinua mkono unapoa na kupauka, nikiushusha unavimba na kuwaka moto. Nilisingizia mto, nikasingizia feni, nikasuguliwa mafuta ya karafuu mpaka nyumba nzima ikanuka pilau. Hospitali nilikwenda baada ya kuaibika, si kabla, na aibu yenyewe ilikuwa hivi.

Alifariki jirani yetu, mzee ambaye mimi na yeye tulikuwa tumekwaruzana kwa sababu ya maji ya mvua yaliyotoka kwenye bati lake yakaingia uani kwetu. Kwetu jeneza halina wabebaji maalumu. Linatoka nyumbani juu ya mabega ya watu, na wanaume wanagombea kuingia chini yake. Unasogea, unaweka bega, unapiga hatua chache, mwenzako anakugusa mgongoni, unampisha, unakimbilia nyuma kuanza upya. Kila mtu anataka thawabu, na kila mtu anaangalia nani kaingia na nani anajitia kutembea pembeni. Nikaingia mbele, upande wa kulia. Nilipoinua mkono kuushika mti wa jeneza, sikuusikia. Vidole nilikuwa naviona vimeuzunguka, lakini havikuwa vyangu tena. Jeneza likalala upande wangu, shuka ya kijani ikateleza, na dhikri ikakatika kwa wale waliokuwa karibu. Mtu mmoja akanisukuma kwa nyonga akashika nafasi yangu. Halikuanguka, alhamdulillahi. Lakini nilisikia sauti nyuma yangu ikisema taratibu, kama mtu anayetoa taarifa tu: "Maiti imemkataa."

Maneno kama hayo hayahitaji nauli. Mpaka jua linazama yalikuwa yameshafika dukani na msikitini, na bila shaka Muheza kwa shemeji zangu. Hakuna aliyenitukana. Walianza kunisalimia kwa adabu iliyozidi, na hiyo iliniuma zaidi. Nilikuwa nikipita kichwa chini, na kumbe kuinamisha kichwa hivyo ndiko kulikokuwa kunazidi kuikaza shingo.

Hospitalini, baada ya picha na vipimo, nilipelekwa kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mdogo kwangu kwa umri. Aliweka vidole juu ya mtulinga wangu, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, pale penye kishimo, akabonyeza kidogo tu, na umeme ukanishuka mpaka kwenye kidole cha mwisho. Akaeleza kwamba mishipa ya damu na ya fahamu inayoshuka mkononi hupita hapo kwenye njia nyembamba, kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, na kwamba misuli yangu ya shingo imekaza hata njia imebanwa. "Dawa yako iko nyumbani kwako," akasema. "Na ni ya kila siku. Ukiichoka, itakuchoka."

Basi nikaanza dawa ya nyumbani, na sijui kama kuna dawa nyingine inayomdhalilisha mtu mzima kiasi hicho. Nilifundishwa kupumua. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa ninapumua kwa mabega. Nikaambiwa nilale chali niweke kiganja tumboni, nihakikishe tumbo ndilo linalopanda. Nililala juu ya khanga ya mke wangu iliyoviringishwa na kupitishwa katikati ya mgongo, ili kifua kifunguke. Nilirudisha kidevu nyuma kama kuku aliyeshtuka. Nilikatazwa kulalia mkono. Mke wangu alikuwa akinikanda shingo kwa taulo la maji moto, akinifunga vifungo vya kanzu, na nguo zangu alizianika yeye kwenye kamba ambayo mimi mwenyewe niliifunga juu kwa sababu ni mrefu. Hakulalamika hata mara moja. Ningefurahi angelalamika kidogo.

Lakini zoezi lililoniponza ni la mlango. Unasimama katikati ya mlango, unaweka mikono kwenye miimo yote miwili, unaegemea mbele polepole mpaka kifua kivutike, unapumua, unarudi. Kwa mtu wa kwingine ni jambo dogo. Kwetu sisi mtoto akisimama hivyo anapigwa kofi, kwa sababu mwenye kutanda mlangoni anazuia riziki na malaika wasiingie. Nami sikuwa na mlango wa kuchagua. Mlango wa mbele ni mpana, tena ungenionyesha kwa mtaa mzima nimetanda kama nguo. Wa uani fremu yake imeliwa na mchwa, ukiiegemea inalia. Chumbani kwetu kabati limekula nusu ya mlango. Ulibaki mlango wa chumba cha baba.

Baba alikuwa kuli bandarini enzi zake. Begani ana sugu lililobaki kutokana na magunia, gumu, ambalo tulipokuwa watoto tulikuwa tunagombea kuligusa. Sasa moyo ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na alikuwa hawezi tena kwenda msikitini, jambo lililomuuma kuliko hiyo miguu. Alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito, na mbele yake akanikuta nimetanda mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mlangoni pangu una nini?"

"Mazoezi ya mkono. Nimeambiwa hospitali."

"Toka hapo. Unazuia malaika."

Nikamweleza habari ya mishipa na mtulinga. Alisikiliza vizuri, mtu aliyeishi kwa bega lake. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Malaika wako wengi. Wa riziki mpishe. Yule mwengine akija, papo hapo ulipo, usibanduke." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nami nikaja kumshikilia.

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Asubuhi na jioni nasimama mlangoni pake, naegemea, napumua kwa tumbo, na yeye ananiuliza kama yule mwengine nimemwona. Namwambia bado. Akinitazama alikuwa akisema, "Utarudi kwenye dari zako, inshallah." Nami naitikia inshallah, naangalia sakafu.

Dari sikuwa nikizifikiria hata kidogo. Nilikuwa nikifikiria jeneza. Kila nilipoegemea nilikuwa nikijiuliza kama bega litakuwa tayari, na kila nilipomwona miguu imezidi kuvimba nilikuwa nikiongeza mazoezi. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa mtu aliye hai, anayenitania, najitayarisha kwa mazishi yake. Na naomba nisiongope hapa: haikuwa mapenzi matupu. Nusu yake ilikuwa ni woga wa watu. Nilikuwa nikiwasikia tayari wakisema, hata babake kamkataa.

Mkono ulianza kurudi. Nilifunga vifungo mwenyewe. Siku moja niliamka vidole vikiwa na joto, nikakaa kitandani navitazama kama vya mtoto mchanga. Ningetulia hapo mambo yangekuwa mazuri. Lakini mtu mwenye aibu hana subira, na mimi nilitaka kujua.

Mchana mmoja mke wangu alikwenda sokoni na baba alikuwa amelala. Nilitoa ngazi yangu ya kazi, ile ndefu ya mbao, nikaipeleka uani. Nikaiweka kwenye bega la kulia, nikainua mkono nikaushika mti wake, nikaanza kutembea kutoka jikoni mpaka bombani na kurudi. Mwanzoni nilikwenda ovyo, ngazi ikiyumba. Jeneza lina mwendo wake, si wa haraka na si wa polepole, na mwendo huo unashikwa na dhikri. Nikaanza kuisoma, kwa sauti ya chini, la ilaha illallah, ile ya njia ya makaburini. Miguu ikakaa sawa. Mkono ulianza kupoa lakini ulikuwa bado umeshika. Nakumbuka nilifurahi. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilikuwa na furaha.

Nilipogeuka bombani, baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani.

Sijui alifikaje. Kwa siku nyingi alikuwa hajatoka chumbani bila kushikwa. Alikuwa ameshika miimo yote miwili, ametanda mlangoni vile vile alivyonikataza, na fremu mbovu ilikuwa inalia kidogo chini ya mikono yake. Sijui alikuwa pale tangu lini. Mdomo wangu ulikuwa bado uko katikati ya dhikri. Uongo ulikuwa tayari, ngazi ni ya kazi na kopo la rangi lilikuwa pale ukutani, ningesema naenda kupaka mahali. Hakunipa nafasi ya kuusema.

"Ngazi hiyo nzito?" akauliza.

"Kidogo, baba."

Akaitazama ngazi, kisha bega, kisha ngazi tena, kama msimamizi wa zamani anayepima mzigo na mbebaji. Uso wake haukuwa na hasira. Ningeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Mimi nimekonda," akasema. "Siku hizi nimekonda sana."

Niliishusha ngazi. Nilitaka kumwomba radhi, lakini ukiomba radhi kwa jambo kama lile lazima ulitaje, na mimi sikuweza kulitaja mbele yake. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata siku ile jeneza lilipolala. Ile ilikuwa ya watu. Hii ilikuwa baina yangu na yeye, na mtu aliyekuwa ananisitiri ni yeye.

Akasema, "Nipe maji nitawadhe. Alasiri leo naswali msikitini. Utanipeleka."

Nikamwambia miguu haijakaa sawa. Akasema miguu ni yake. Nikamletea maji, nikamvisha kanzu, nikamtafutia kofia, na safari hii vifungo nilivifunga mimi. Tukatoka mlango wa mbele. Akaweka kiganja chake kwenye bega langu la kulia, akaegemea, tukaanza kwenda.

Watu walikuwa barazani. Walisimama kumsalimia, miezi walikuwa hawajamwona, na yeye aliitikia shikamoo zao moja moja bila kuharakisha, mkono wake ukiwa palepale begani kwangu ili wauone. Ndivyo nilivyoelewa. Alikuwa ananipitisha mbele yao nikiwa nimembeba, yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Mwendo wetu ulikuwa ule ule, si wa haraka na si wa polepole. Sikuthubutu kumtazama.

Alikuwa kweli amekonda. Lakini hata mtu aliyekonda akiegemea hapo mahali, juu ya mtulinga, njia inabanwa. Tulipofika kwa fundi cherehani vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekwishaondoka, na baridi ilikuwa inapanda kwenye kiwiko. Nikashusha mabega, nikapumua kwa tumbo kama nilivyofundishwa, nikazidi kutembea. Msikiti ulikuwa unaonekana.

Baba akasimama. "Bega vipi?"

"Zima, baba."

Akautazama mkono wangu, ulivyoning'inia umepauka. Akanishika kanzu kwa nyuma, akanizunguka hatua kwa hatua, akihema, mpaka akafika upande wangu wa kushoto. Akaweka kiganja kwenye bega lile jingine.

"Nahamia huku," akasema. "Kuna kivuli."

Tukaendelea. Jua la alasiri lilikuwa limetupiga sote wawili, na upande ule haukuwa na kivuli.