Ndani ya Tangi la Mzee Liang

Harufu ya mchele uliopikwa kwa mvuke ilitupokea kabla hatujashuka kwenye teksi. Ilianza kwa utamu, ikawa chachu, kisha ikachoma pua. Nilikuwa na miaka tisa, msimu ule wa baridi ambao Mama, aliyekuwa akituma vitambaa Lubumbashi kutoka jengo la maduka la Tianxiu jijini Guangzhou, China, aliingiwa na hamu ya kupeleka pombe ya mchele kwenye harusi za kwetu. Jumapili baada ya misa tulizunguka miji mikongwe ya watengeneza pombe nje ya jiji hilo, mimi, yeye na mdogo wake, Mjomba Deo, kijana wa mizaha isiyokwisha. Ndivyo tulivyofika kwa Mzee Liang, ambaye ujanani alijifunza kutengeneza sake, pombe ya mchele ya Wajapani, huko kwao Japani, na sasa aliiuzia mikahawa ya Kijapani iliyokuwa ikichipuka jijini kama uyoga.

Alituongoza taratibu, kama apitaye kanisani. Mwisho wa ghala kulikuwa na matangi yaliyozamishwa sakafuni, midomo yake ikifika magotini. Moja lilikuwa limetolewa pombe asubuhi ile. Mjomba aliinama alipige picha, simu yake mpya ikamponyoka. “Yaya, nishikie koti,” alimwambia Mama, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya, na kabla mtu hajasema neno akaruka ndani. Nilimwona akiiokota simu na kutabasamu akitazama juu. Kisha magoti yakamlegea, akaketi kama mlevi, ingawa hakuwa ameonja hata tone. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: hatukujua kwamba mchele ukichachuka hutoa hewa nzito isiyoonekana, ambayo hutuama chini ya tangi na kuua kimya kimya.

Mama alitupa koti, akaweka mguu ukingoni. Mke wa Mzee Liang, aliyekuwa akitufuata, alimdaka kiunoni kwa nyuma, wakaanguka wote wawili. “Bu xing! Bu xing!” alisema. Neno hilo tulilijua. Ndilo wenye maduka walilotujibu kila tulipoomba tupunguziwe bei: haiwezekani.

“Niachie, ndugu yangu anakufa,” Mama alilia, akamng’ata mkono. Yule mama hakumwachia. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mumewe alikuwa amekokota feni kubwa, akaielekeza tangini, akajifunga kamba, akasubiri. Kusubiri kule kuliniogopesha kuliko yote: mtu mzima amesimama akiitazama feni, na mjomba wangu hajongei. Hatimaye alivuta pumzi, akaibana, akashuka. Wafanyakazi wakavuta kamba, wakawatoa wote wawili nje. Uani, midomo ya Mjomba ilikuwa ya rangi ya majivu. Mzee Liang alimpulizia pumzi kinywani, tena na tena, hadi Mjomba alipokohoa na kutapika.

Mama alimpiga mdogo wake kofi, kisha akamkumbatia. Alipogeuka na kuona damu kwenye mkono wa mwenyeji wake, alipiga magoti. “Nisamehe, mama.” Yule mama hakuelewa Kiswahili. Alimwinua, akammiminia chai.

Juzi nilirudi. Mzee Liang na mkewe wamefariki, na ghala sasa ni la watalii wanaokata tiketi. Matangi yamefunikwa kwa vioo, na ukutani kuna kifaa kinachopiga kengele hewa ikiharibika. Zama zetu hakukuwa na kengele, kulikuwa na mikono ya watu tu. Kengele ni bora, sibishi. Nilimpigia Mjomba Lubumbashi nimsimulie, lakini watoto wake walikuwa wakigombana nyuma yake kwa kelele hata hatukusikilizana, nikamwacha aende kuwaamua.