Mikanda ya Begi

Mama fundi cherehani hakuwa mtu wa kuambiwa amekosea vipimo. Mteja akithubutu, alirushiwa nguo yake pamoja na maneno ya kumtosha mpaka nyumbani kwake.

Sasa alikuwa akimshonea mumewe begi la mgongoni. Wawili hao walipanga kutembea kwa miguu kwenye pwani ya mbali isiyo na barabara wala nyumba, walale kwenye hema. Ramani ilitandazwa juu ya meza ya kukatia nguo, na mume, ambaye maradhi yalikuwa yakimmaliza polepole, alitia alama za chaki kila penye maji ya kunywa.

Kila Jumapili alilijaribu begi, na kila Jumapili mikanda ilimteleza mabegani.

"Mama watoto, mbona linanipwaya tena?"

"Nilikosea vipimo. Lete nipunguze."

Akapunguza. Jumapili iliyofuata likapwaya tena. Mara hii mume alimshika mkono wenye mkasi.

"Miaka yote hii, mke wangu, hujawahi kukosea."

"Nimezeeka!" akafoka. "Hebu geuka huko nikupime."

Mume akageukia ukutani, akakaa hivyo kwa muda mrefu, ili mwenzake apate kulia.