Awuor na Mdogo Wake

Nilipokuwa mtoto, njia yetu ya kutoka shuleni ilipita kando ya makaburi ya misheni, kwenye kilima upande wa Rangwe, na kila mtoto alikuwa na namna yake ya kupita pale. Wengine walikimbia. Wengine waliimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa. Mimi nilipita polepole, kwa sababu dada yangu Awuor alikuwa amelala mle ndani na sikuona sababu ya kumkimbia.

Awuor alikuwa amenizidi miaka kumi na miwili. Alifundisha watoto wadogo wa chekechea pale misheni, na jioni alirudi nyumbani na vumbi la chaki kwenye mikono ya sweta. Ndiye aliyenisuka nywele na ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule. Sauti yake ilikuwa sauti ya Mama kabisa. Ukiwa nje ya nyumba ukaitwa, ulilazimika kuingia ndani kwanza ndipo ujue ni nani kati yao amekuita. Wageni walikosea, hata Baba alikosea, na wao wawili walikuwa wakicheka.

Homa ilimshika siku ya Alhamisi. Jumapili, watu wakitoka misa ya kwanza, alikuwa ameshafariki katika zahanati ya misheni.

Ugomvi ulianza kabla maiti haijaletwa nyumbani. Kwetu sisi Wajaluo, msichana aliyekomaa akifa bila kuolewa hazikwi ndani ya boma. Huzikwa nje ya ua, kwa kuwa kwa baba yake si kwake tena, na kwa mume hakufika. Wazee walikwisha kuonyesha mahali, nyuma ya ua wa miti ya manyara, karibu na njia ya mtoni. Baba alikuwa katekista. Alikuwa mtu mpole asiyejua kubishana, lakini siku ile alisimama mbele ya ndugu zake akakataa. Alisema mtoto wake hatalala nje ya ua. Atalala katika ardhi iliyobarikiwa, pamoja na mapadre na masista walioileta imani.

Aliyempinga hasa ni mama yake mwenyewe, nyanya yetu, ambaye kwa Kijaluo tulimwita Dani. Nilikuwa nimekaa miguuni pake na ninakumbuka maneno yake hadi leo.

"Nje ya ua bado ni shamba letu," alimwambia Baba. "Kila asubuhi nitampitia nikienda mtoni. Huko kwenu misheni, ni nani atampitia?"

Miaka mingi niliamini Dani alisema hayo kwa ukali wa mila. Sasa na mimi nina mvi, na ninapoyarudia naona mwanamke mzee aliyetaka mjukuu wake awe karibu.

Baba alishinda. Awuor akazikwa misheni, nyuma ya makaburi ya saruji ya mapadre, mahali walipolazwa makatekista wa kwanza na wale waliofia zahanatini bila ndugu wa kuwachukua. Baba alitengeneza msalaba wa mbao na kuandika jina kwa rangi nyeupe. Dani hakwenda. Na tangu siku ile akaanza kutuonya. Mtu aliyelazwa kati ya wageni, alisema, hatulii. Huamka akatafuta njia ya nyumbani, na asipoiona huita mtu wa kwao amwonyeshe. Humwita mdogo kuliko wote, kwa kuwa mdogo ndiye mwepesi kuitika. Na mdogo kuliko wote nilikuwa mimi.

"Ukiitwa na humwoni anayekuita, nyamaza," aliniambia akiwa amenishika kidevu ili nimtazame. "Mfu huita mara mbili. Aliye hai hachoki, ataita mara ya tatu. Ngoja ya tatu."

Pia alikataza mtu yeyote wa nyumba ile kwenda makaburini, na zaidi ya wote alimkataza Mama, kwa sababu Mama alikuwa na mimba.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa mvua, kama miezi mitano baada ya mazishi. Nilichelewa kutoka shuleni kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya kufagia darasa, wenzangu wakatangulia. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nilipofika kwenye kona ya makaburi, palipokuwa na nguzo za mkonge na waya uliolegea, nikaitwa.

"Achieng."

Sauti ilikuwa ya Awuor. Haikutisha. Ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka, kama alivyokuwa akiniita nimletee maji akirudi kazini. Nikasimama. Nikatazama kati ya misalaba, sikuona mtu. Majani yalikuwa marefu.

"Achieng."

Watu wazima wakinisikia nikisimulia hufikiri niliogopa. Woga ulikuja baadaye. Wakati ule nilishika waya kwa mikono miwili na nikatamani kwa moyo wangu wote niitwe mara ya tatu, kwa sababu ya tatu ingekuwa na maana kwamba Awuor yuko hai. Nilingoja. Ndama aliyefungwa upande wa pili wa njia alilia, kisha kukawa kimya. Ya tatu haikuja. Ndipo nikakimbia.

Nilimkuta Dani akimenya njugu mlangoni. Aliniuliza mbona nahema, nikamwambia ni mvua. Nikauliza Mama yuko wapi, akasema amekwenda soko la Rangwe. Sikuuliza zaidi.

Giza lilipoanza kuingia, wanawake waliokuwa wamekwenda kupanga maua kanisani walikuja kumwita Baba. Walikuwa wamemkuta Mama makaburini, nyuma ya makaburi ya mapadre, amelala kwenye majani yaliyolowa. Hakuwa amekwenda sokoni. Alikuwa akienda kwa siri kung'oa magugu kwenye kaburi la Awuor, na siku hiyo uchungu ulimshika kabla ya wakati akashindwa kuinuka. Walimbeba hadi zahanatini. Mtoto alikuwa wa kiume, na alizaliwa amekufa. Sista aliyemhudumia alimwambia Baba kwamba kama angefikishwa mapema, labda mtoto angepona.

Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni nikiyasikia hayo yote. Nilikuwa na miaka minane tu, lakini hapo hapo nilijua nani aliniita.

Dani alikaa chini. Alisema kwa sauti ndogo, bila kufurahia kwamba alikuwa ameonya, kwamba Awuor amemwita mama yake na amemchukua mtoto. Hakuna aliyebisha. Nilimtazama Baba, katekista, aliyetufundisha kila Jumamosi kwamba wafu wako mikononi mwa Mungu na hawamdhuru mtu, na Baba akainamisha kichwa. Nikajiuliza kosa ni la nani. Kama si Awuor, basi ni mimi. Nikanyamaza, na dada yangu akawa mwenye kosa.

Mtoto hakuwa amebatizwa. Kwa taratibu za siku zile hakuweza kuzikwa ndani ya makaburi ya kanisa. Padre alilisema jambo hilo kwa upole sana, akamshika Baba bega, lakini alilisema. Watoto wa namna ile walizikwa nje ya waya, upande wa vichaka vya miiba, bila msalaba. Baba alichimba mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika taa ya chemli iliyokuwa haijawashwa, sijui kwa nini nilipewa. Baba alipomaliza alisimama akiutazama ule waya uliokuwa kati ya watoto wake wawili. Sikumsikia tena maishani akitaja neno ua.

Baada ya hapo jina la Awuor lilitoweka nyumbani. Nguo zake zilipelekwa mbali, kwa jamaa wa kisiwa cha Mfangano. Picha yake ya pekee iliingia chini ya sanduku. Mtu akiteleza akamtaja, Dani aligonga kikombe kwa kucha mara moja na mazungumzo yalihamia kwingine. Mama hakupinga. Nilikuwa nikimwangalia kwa siri, nikingoja aseme kwamba ni yeye aliyeita, na hakusema. Nikajipa moyo kwamba katika maumivu yale hakuniona wala hakukumbuka.

Nilikua. Nikawa mwalimu, nikaolewa Migori, nikazaa. Dani alifariki, na Baba naye akafariki. Wamelala nyumbani, mahali mila inapotaka walale.

Mwaka jana parokia ilitangaza kwamba makaburi ya zamani yatasafishwa na kuhifadhiwa. Yalikuwa yamekwisha. Mchwa walikula misalaba ya mbao, ile ya chuma iling'olewa na watu wa vyuma vikuukuu, watu walifunga ng'ombe mle. Palikuwa na kamati, na katibu wake alikuwa kijana anayeitwa Odhiambo, ambaye kila Jumamosi alifyeka kwa panga lake mwenyewe kisha akatembea na daftari akijaribu kusoma majina. Aliyosoma yalikuwa machache: mapadre, masista wawili, katekista mmoja. Wazee wote wenye watu wao pale waliombwa waje waonyeshe.

Mama alinipigia simu. "Njoo Jumamosi unipeleke kwa Awuor," alisema. Tangu utotoni sikuwa nimelisikia jina lile kinywani mwake.

Tulifika asubuhi. Odhiambo alimpa Mama mkono kwa heshima, akamwita Dani kama anavyostahili kuitwa sasa. Mama alikwenda moja kwa moja hadi kwenye saruji za mapadre, akazunguka kwa fimbo yake, akasema ni hapa. Kisha akasogea akasema hapana, ni hapa. Ardhi ilikuwa tambarare. Odhiambo alichoma chini kwa nondo, akatueleza kwamba makaburi mengi ya upande huo yametitia na hawezi kujua lipi ni la nani. Mama akaonyesha mahali pa tatu, na pa nne. Mwishowe aliketi juu ya kaburi la padre mmoja, jambo ambalo zamani lisingewezekana, na akaweka fimbo magotini.

"Sijui tena," alisema. "Dani yako aliuliza ni nani atampitia. Ona."

Basi onyo la Dani lilitimia. Hakuna mzimu aliyelitimiza. Tulilitimiza sisi, kwa kuogopa kuja hapa na kung'oa magugu.

Upande wa nje ya waya, alikolazwa mtoto, ulikuwa na mahindi yaliyotufika kifuani. Odhiambo alisema kwa aibu kwamba shamba lile lina mwenyewe, limelimwa misimu mingi, na uzio mpya utafuata mstari wa ule wa zamani. Mama alitikisa kichwa kukubali. Hakuomba chochote. Kijana akamwambia kwamba kwa wale ambao mahali pao hapajulikani, majina yataandikwa kwenye jiwe moja langoni, akafungua daftari.

"Andika Awuor," Mama alisema. "Na mdogo wake."

"Mdogo wake anaitwa nani, Dani?"

"Hakupewa jina. Alilala pale kwenye mahindi."

Odhiambo aliacha kalamu juu ya karatasi. Nilijua anafikiria padre, kamati, na maswali atakayoulizwa, maana jiwe lilikuwa la waliozikwa ndani. Kisha akaandika, polepole, herufi za kusomeka: Awuor na mdogo wake. Akamwonyesha Mama, ingawa macho yake hayasomi tena.

Tulikaa pale Mama apumzike kabla ya kushuka kilima. Ndipo nikamwambia. Nilidhani nitasimulia vizuri, nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka mingi, lakini nilisema tu kwamba siku ile nilikuwa kwenye waya, nilisikia, na sikuitika.

Mama hakushtuka.

"Nilikuona," alisema. "Niliona miguu yako chini ya waya. Ulisimama, nikajua unakuja. Nilitaka kuita tena, uchungu ukanikata pumzi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote ile. Alikuwa akisugua udongo kwenye ncha ya fimbo kwa kidole gumba.

"Nyumba nzima ilikuwa inatafuta wa kulaumiwa," alisema. "Mlikuwa wawili tu, wewe na yeye. Awuor alikuwa amekwisha kufa, nyathina. Wewe ulikuwa na miaka minane. Nilimwomba akubebee."

Nyathina ni mwanangu. Hakuwa ameniita hivyo tangu nilipoolewa.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile, nikisahihisha madaftari, nikipika. Nilidhani ukimya ulikuwa wangu peke yangu, kumbe tulikuwa wawili, na wa Mama ulikuwa mzito zaidi, kwa kuwa yeye alijua anamtoa nani. Alimtoa binti mmoja ili mwingine apate kukua. Nilikua. Nimeishi vizuri. Sina wa kumlaumu, hata Dani, aliyependa kwa njia aliyoijua.

Ila kwetu marehemu hupewa mtoto. Mtoto akizaliwa huitwa jina la aliyetangulia, ili jina liendelee kutamkwa, mtu aitwe kula, aitwe kulala, akemewe, abembelezwe. Katika ukoo wetu watoto wengi wamezaliwa tangu siku zile. Dani amepewa mtoto, Baba amepewa mtoto, hata shangazi wa mbali amepewa. Kila nilipojifungua wanawake waliuliza jina, na mimi nikalipita lile lililokuja kwanza moyoni, nikataja lingine.

Nina mabinti watatu. Hakuna anayeitwa Awuor.