Uso wa Bibi Kwenye Filamu

Mie sikuipenda kazi ya kutunza wazee, nasema kweli. Lakini Lewisham huku Uzunguni, miaka ya tisini, mwanamke aliyetoka Unguja mbio mbio hachagui. Nikapewa bibi wa Kizungu, kipofu, mkali kama pilipili. Siku ya kwanza tu akanitukana, nikamjibu, tukapatana.

Bibi huyu alikuwa mwigizaji wa filamu zile za zamani zisizo na sauti. Enzi hizo, alinihadithia, walipakwa poda nyeupe pe, wakawashiwa mataa makali mpaka macho yakavimba. Yake yalianza kuharibikia huko. Zilipokuja filamu za maneno wakamwambia sauti yako ya vibarua wa kiwandani, nenda zako. Akaishia kukata tiketi mlangoni mwa sinema. Filamu zake wakaziyeyusha watoe madini ya fedha yaliyomo. Jamani, watu wana roho! Hakubakiwa na hata picha moja. Alilolitaka kabla ya kufa ni hilo tu: mtu amwone alivyokuwa, amweleze.

Basi akatokea bwana mmoja wa makumbusho, kapata kipande cha filamu yake ghalani. Akaja na mashine yake, akatundika shuka ukutani, akavuta mapazia. Nikakaa ubavuni mwa bibi. Kazi ya kumweleza mtu filamu naijua: kwetu, kwenye sinema ya wanawake, aliyefahamu Kihindi alitueleza filamu kwa sauti, na ukumbi mzima ukalia naye. Nikaanza.

"Mlango unafunguka. Umeingia, bibi. Gauni jeupe, maua mkononi, unakimbia."

Akanibana mkono. "Na uso?"

Nikatazama. Filamu ilikuwa imeoza. Shingo ipo, mikono ipo, lakini mahali pa uso panachemka madoa meusi, na kila akigeuka yanamfuata. Yule bwana akainamisha kichwa. Mshenzi mkubwa, kwa nini hakusema mapema? Roho iliniuma, wallahi. Nikaipa shuka mgongo, nikamtazama yeye mwenyewe, uso ule niliouosha kila asubuhi, nikaanza kuueleza: kidevu kimechongoka, nyusi ndefu, kidoti chini ya jicho.

"Kidoti hicho kimeniota uzeeni," akasema. "Huo ni uso wa leo. Nieleze wa pale."

"Pale hapana kitu, bibi. Pameoza."

Mashine ikaendelea kunguruma. Akauachia mkono wangu.

"Mwambie azime," akasema. "Na wewe acha kunitazama."